Godfrey Hounsfield: Mwana wa mkulima aliyepima mnofu na shahamu bila kisu

KATIKA bucha za mtaa wa Rhonda, jijini Nakuru, mnunuzi hahitaji elimu ya juu ili kutambua anacholipia. Nyama ikishakatwa na kuning'inizwa, kila kitu huonekana: hapa mnofu mwekundu, pale shahamu nyeupe, kule mfupa. Akiona mafuta yamezidi, huomba akatiwe upande mwingine kabla kipande hakijawekwa kwenye mizani.

Lakini mkazi huyo huyo akiugua na kupanda matatu kuelekea hospitalini katikati ya jiji, hupimwa kwa namna ambayo asingeikubali buchani. Husimamishwa juu ya mizani, kilo zake zikaandikwa kwenye karatasi, na kazi ikaishia hapo. Mnofu, shahamu, mifupa na maji huhesabiwa pamoja kama mzigo mmoja. Mizani haielezi ni kilo ngapi za misuli inayombeba mgonjwa, wala ni ngapi za mafuta.

Kwa karne nyingi hapakuwa na njia ya kumpima mtu aliye hai jinsi mchinjaji anavyopima nyama. Aliyeifungua njia hiyo alikuwa mhandisi Mwingereza, Godfrey Newbold Hounsfield, aliyeaga dunia Agosti 12, 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Hakuwa daktari, na hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Hata hivyo, jina lake hutajwa kila siku katika vyumba vya picha za hospitali kote ulimwenguni, maana ndilo jina la kipimo kinachotenganisha mafuta na misuli katika uchunguzi wa CT scan.

Hounsfield alizaliwa Agosti 28, 1919, karibu na mji wa Newark katika jimbo la Nottinghamshire, katikati mwa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Babake alikuwa na shamba, na humo ndimo mtoto huyo alimojifunza mengi kuliko darasani. Kwa kuwa nduguze walikuwa wakubwa, hakuna aliyemlazimisha kujiunga na michezo yao. Aliachwa peke yake na mashine za shamba, akizifungua ili kuona zinavyofanya kazi.

Nyota njema huonekana asubuhi, lakini nyota hii nusura izimike mapema. Kijana Hounsfield alijitengenezea kipeperushi na kujaribu kuruka nacho kutoka juu ya mirundo ya nyasi kavu. Wakati mwingine alijaza maji katika mapipa ya lami na kuyalipua kwa gesi ya asetilini ili aone yangefika umbali gani angani. Jaribio hilo lilikaribia kumtoa uhai. Shuleni hakung'ara isipokuwa katika fizikia na hisabati, masomo aliyoyaelewa bila shida.

Vita Vikuu vya Pili vilipokaribia, alijiunga na jeshi la wanahewa kwa kujitolea. Huko alijisomea vitabu vyote vya redio alivyoweza kuvipata, kisha akafanywa mwalimu wa rada. Afisa mmoja mkuu aliyependezwa na kazi yake alimsaidia kupata ufadhili wa masomo baada ya vita, naye akaenda kusomea uhandisi wa umeme katika chuo cha Faraday House, London. Alitoka huko na diploma.

Mwaka wa 1951 aliajiriwa na kampuni ya EMI, iliyojulikana zaidi kwa sahani za santuri lakini iliyotengeneza pia rada na vyombo vingine vya elektroniki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliongoza kikosi kilichounda EMIDEC 1100, mojawapo ya kompyuta za kwanza nchini Uingereza zilizotumia transista tupu. Baada ya hapo alikabidhiwa utafiti wa namna mpya ya kuhifadhi kumbukumbu ya kompyuta. Mradi huo ulivunjwa ilipobainika kwamba usingeleta faida.

Katika kampuni nyingi mtu wa aina hiyo angehamishwa au kuachishwa kazi. Wakuu wa Hounsfield walimwambia akatafute mwenyewe jambo la kufanya. Uamuzi huo ndio uliozaa mtambo wenyewe.

Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia mwaka wa 1967 akiwa katika matembezi ya mashambani, jambo alilolipenda maisha yake yote. Alijiuliza kama mtu angeweza kujua kilichomo ndani ya sanduku lililofungwa bila kulifungua. Jibu alilolipata ni kwamba inawezekana, mradi sanduku lipitishwe miale kutoka kila upande na nguvu ya miale inayotokea upande wa pili ipimwe kila mara.

Picha ya kawaida ya eksirei, iliyogunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka wa 1895, ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Iliweka kila kitu kwenye bapa moja. Mfupa ulifunika kilichokuwa nyuma yake, na viungo laini vilifanana kama moshi juu ya moshi. Ubongo ndani ya fuvu ulikuwa haupenyeki kabisa. Madaktari walilazimika kuingiza hewa katika nafasi za ubongo wa mgonjwa kwa kumdunga sindano mgongoni, uchunguzi uliomwacha na maumivu makali ya kichwa.

Hounsfield alitaka mashine isome mwili tabaka kwa tabaka, kama mtu anayesoma kitabu ukurasa baada ya ukurasa bila kukifungua. Kila tabaka lingegawanywa katika viraba vidogo, na kompyuta ingefanya hesabu ili kujua kila kiraba kilizuia miale kiasi gani. Kila kiraba kingepata nambari yake. Picha ambayo daktari angeiona ni nambari hizo zilizopakwa rangi ya kijivu, nyeupe au nyeusi.

Mashine yake ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha. Ilifungwa juu ya kitako cha mashine kuukuu ya kukerezea vyuma, na ilitumia chanzo dhaifu cha miale ya gama. Kupima kitu kimoja kulichukua siku tisa. Vipimo vipatavyo 28,000 vilitobolewa kwenye utepe wa karatasi, kisha kompyuta kubwa ikavifanyia hesabu kwa saa mbili na nusu. Alipobadilisha chanzo hicho na kuweka bomba la eksirei, siku tisa zilipungua zikawa saa tisa.

Baada ya kujaribu ubongo wa binadamu uliohifadhiwa kwa dawa, aligeukia machinjio. Alihitaji bongo mbichi za ng'ombe, na mara nyingi alizibeba mwenyewe kuvuka London. Alizipenda za ng'ombe waliochinjwa kwa desturi ya Kiyahudi, kwa kuwa wale waliopigwa kichwani kabla ya kuchinjwa walivujia damu ndani ya ubongo na picha zao zikaharibika.

Pia alipima vipande vya nguruwe, kwenye sehemu ya figo. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo halikuwa shabaha yake. Shahamu iliyozunguka figo ilionekana waziwazi, ikiwa imetengana na nyama iliyokuwa kando yake. Kwa mara ya kwanza mafuta na mnofu vilijitenga mbele ya macho ya mtu bila kisu kupita kati yake.

Mtambo wa kwanza wa hospitali uliwekwa Atkinson Morley, Wimbledon, chini ya Dkt James Ambrose, mtaalamu wa picha za ubongo mzaliwa wa Afrika Kusini. Oktoba 1, 1971, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo alilazwa humo. Data yake ilipelekwa kwingine ikafanyiwe hesabu. Picha iliporudi ilionyesha uvimbe huo mahali ulipokuwa, na daktari wa upasuaji alipofungua fuvu aliukuta hivyo hivyo. Habari zilitangazwa rasmi Aprili 1972, na katika muda mfupi hospitali kubwa za Ulaya na Marekani zikaanza kuagiza mitambo hiyo.

Kuhusu gharama, kuna hadithi inayopendwa sana. EMI ndiyo iliyouza santuri za kundi la Beatles, na wengi husema kwamba fedha za vijana hao ndizo zilizogharimia mtambo wa CT. Uchunguzi wa hesabu za wakati huo umeonyesha jambo tofauti. Wizara ya afya ya Uingereza ilitoa fedha nyingi kuliko kampuni yenyewe. Mtambo huo, kwa kiasi kikubwa, ulizaliwa kwa kodi za wananchi.

Mwaka wa 1975 Hounsfield alikamilisha mtambo wa kupima mwili mzima. Alikuwa na desturi ya kujilaza mwenyewe ndani ya mashine zake kabla ya kuwaachia wagonjwa. Sasa tumbo, kifua na mapaja yangeweza kusomwa tabaka kwa tabaka kama ubongo ulivyosomwa.

Hapo ndipo nambari zake zilipopata maana pana. Katika kipimo kinachoitwa kwa jina lake, maji hupewa sufuri na hewa hupewa hasi 1,000. Mfupa mgumu huweza kupita 1,000. Shahamu, iliyo nyepesi kuliko maji, huangukia karibu na hasi 100. Misuli yenye afya hukaa juu ya sufuri, aghalabu kati ya 40 na 60. Watafiti wamezoea kuiamuru kompyuta ihesabu kama mafuta kila kiraba kilicho kati ya hasi 190 na hasi 30, na kama misuli kila kilicho kati ya hasi 29 na 150. Viraba vikijumlishwa, hupatikana eneo la misuli na eneo la mafuta kwa sentimita za mraba.

Nambari hizo hufichua hata kisichoonekana kwa macho. Misuli iliyopenyezwa mafuta ndani yake hushuka kwenye kipimo, hata kama unene wake haujabadilika. Kwa hivyo daktari anaweza kujua wingi wa misuli ya mgonjwa na pia ubora wake.

Mwaka wa 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Aliigawana na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, na hapa Afrika ina sehemu yake katika kisa hiki. Mwaka wa 1956 Cormack, aliyekuwa mhadhiri wa chuo kikuu mjini Cape Town, aliombwa kusimamia matumizi ya vitu vya mnunurisho katika hospitali ya Groote Schuur kwa siku moja na nusu kila wiki. Aliona jinsi wagonjwa wa saratani walivyopangiwa miale kana kwamba mwili wote ni kitu cha namna moja, na akaanza kutafuta hesabu ya kutofautisha mfupa, misuli na mafuta.

Baada ya kuhamia Marekani, Cormack alichapisha hesabu hiyo mwaka wa 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyeijali. Miongoni mwa wachache walioomba nakala walikuwa watafiti wa maporomoko ya theluji nchini Uswisi. Hounsfield alifika alikofika kwa njia yake mwenyewe, bila kujua kwamba mwenzake alikuwa ametangulia. Wote wawili walipokea tuzo hiyo kuu bila kuwa na shahada ya uzamifu.

Mwaka wa 1981 Malkia alimtunuku cheo, naye akawa Sir Godfrey. Maisha yake hayakubadilika sana. Hakuoa. Kwa miaka mingi aliishi katika vyumba vya kupanga, akapenda kutembea milimani na kupiga piano aliyojifundisha mwenyewe. Sehemu ya fedha za Nobel aliitumia kujenga maabara nyumbani kwake. Kampuni yake haikuwa na bahati hiyo. Ilishindwa kuhimili ushindani wa kampuni kubwa za Marekani na Ujerumani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imeachana na biashara ya mitambo aliyoiasisi.

Alipokuwa akizeeka, wengine waliendeleza nambari zake. Mwaka ule ule aliofariki, 2004, utafiti uliofanywa kwa mtambo wa MRI ulionyesha kwamba si lazima mwili mzima upimwe. Tabaka moja la tumbo, karibu na pingili za kiuno, hutosha kukadiria misuli na mafuta ya mwili wote. Tangu hapo pingili ya tatu ya kiuno imekuwa mahali panapopendelewa na watafiti wengi.

Miaka minne baadaye, mwaka wa 2008, watafiti wa Canada walipekua picha za CT ambazo wagonjwa wa saratani walikuwa wamekwisha kupigwa kwa ajili ya ugonjwa wao. Miongoni mwa wagonjwa wanene 250 waliokuwa na picha hizo, 38 walikutwa na misuli haba mno chini ya unene huo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hao ndio waliokuwa dhaifu zaidi katika shughuli za kila siku, na ndio waliokufa mapema kuliko wanene wenzao.

Ugunduzi huo una uzito wa pekee katika nchi kama Kenya, ambako unene umekuwa ukisomwa kama dalili ya afya na raha. Aliyenenepa huambiwa kwamba amependeza. Aliyekonda huulizwa kinachomsumbua. Mgonjwa wa saratani ambaye mwili wake bado umejaa huonekana kwamba anaendelea vyema, kumbe misuli yake inaliwa ndani kwa ndani. Mizani haimsaidii, maana mafuta na maji hujaza nafasi ya mnofu uliopotea.

Wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki walilijua hilo kwa watoto zamani. Mtoto anayefura kwa ukosefu wa chakula chenye protini huweza kuwa na uzito unaodanganya, kwa sababu maji yamejaa mahali pa nyama. Ndiyo maana mkanda wa kuzungushiwa mkononi, wenye rangi nyekundu, manjano na kijani, hutumika sana kwenye kliniki. Miongoni mwa waliochangia kuueneza upimaji wa mkono alikuwa Profesa Derrick Jelliffe, aliyefundisha tiba ya watoto Makerere katika miaka ya 1960. Mkanda huo na mtambo wa Hounsfield hutafuta jibu la swali moja, ingawa bei zake ni mbingu na ardhi.

Tena kuna suala la dawa. Dozi nyingi za dawa za saratani hukadiriwa kwa urefu na uzito wa mgonjwa. Watu wawili wenye kilo sawa hupewa kipimo sawa, ilhali mmoja ana misuli ya mkulima na mwingine amebaki na mafuta na mifupa. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wenye misuli michache huelekea kudhurika zaidi na dawa hizo. Kwa mgonjwa kama huyo, kujua kiasi cha mnofu alichonacho ni suala la uhai wake.

Haimaanishi kwamba kila anayetaka kujua kitambi chake akimbilie CT scan. Mtambo huo hutumia eksirei kwa kiwango kinachozidi picha ya kawaida, na haufai kutumiwa kwa udadisi tu. Faida yake iko kwa mgonjwa ambaye lazima apigwe picha kwa sababu ya maradhi yake. Huyo amekwisha kupokea miale, na gharama imekwisha kulipwa. Kinachobaki ni mtu wa kuhesabu.

Na hapo ndipo pengo lilipo. Mtaalamu anayesoma picha hutafuta uvimbe, damu iliyovuja au mfupa uliovunjika, akaandika ripoti. Katika hospitali nyingi duniani, kuhesabu misuli bado ni kazi ya watafiti kuliko ya wodini. Programu za kompyuta zinazoifanya kazi hiyo kwa dakika chache zipo. Hata lishe na mazoezi ya kurejesha nguvu, ambayo ndiyo msaada wa kwanza kwa anayepoteza misuli, hayangojei teknolojia ya ajabu.

Nakuru, iliyopandishwa hadhi na kuwa jiji Desemba 1, 2021, ina kituo cha kanda cha matibabu ya saratani. Mkazi wa Rhonda anayehitaji tiba ya miale hana tena sababu ya kudhani kwamba ni lazima afunge safari hadi Nairobi. Hatua hiyo, kama mtambo wa kwanza wa Hounsfield, imetokana na fedha za umma. Ni haki ya umma kudai kwamba picha inayolipiwa isomwe yote.

Hounsfield hakuishi kuona nambari zake zikitumiwa kwa upana huu. Lakini yeye ndiye aliyeamua, tangu mwanzo, kwamba mashine yake isitoe kivuli tu bali itoe kipimo kwa kila kiraba cha mwili. Angeridhika na picha nzuri, leo kusingekuwa na cha kuhesabu.

Jioni, matatu za kurudi Rhonda hubeba watu wa kila aina, na mara kwa mara mmoja wao huwa amepakata bahasha kubwa ya picha za hospitali. Filamu iliyomo ndani huonyesha weusi na weupe tu. Nambari zenyewe hubaki kwenye kompyuta au kwenye diski, kwa hivyo ni busara mgonjwa kuiomba diski hiyo na kuitunza. Humo mna hesabu ya mnofu wake na shahamu yake, iliyopimwa kwa mizani aliyoibuni mwana wa mkulima wa Nottinghamshire. Akishuka kituoni atapita mbele ya bucha, ambako mnofu na shahamu ya ng'ombe vinatambulika kwa kutazamwa tu. Vyake mwenyewe vimo kwenye diski, vikingoja wa kuvisoma.